Bega la Mvuvi na Kalenda ya Giza

Mvuvi wa dagaa wa Kilwa Kivinje au Somanga hahesabu siku za kazi kwa Jumatatu na Ijumaa. Anahesabu kwa giza. Mwezi ukiwa haupo, taa huvuta dagaa, na wavu hushushwa na kuvutwa, hushushwa na kuvutwa, hadi alfajiri. Mbalamwezi ikikolea taa hazina maana tena, vyombo hukaa ufukweni, mabaharia hushona nyavu na kulala usiku. Kisha giza hurudi, na kazi yote hurudi nalo kwa usiku mmoja. Anayetibu mabega ya pwani hii bila kuijua kalenda hiyo anabahatisha.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tunaamini bega huumizwa na wingi wa kazi. Lakini wapo wazee wa Kilwa waliovuta jarife tangu utotoni na bado wanainua mikono bila kukunja uso, na wapo vijana wanaoshindwa kuvaa fulana. Mara nyingi bega huumizwa na kazi inayolijia ghafla kuliko lilivyozoea. Kusi ikikaza, ngalawa hulala kwa siku nyingi. Ikitulia, watu huingia baharini kwa pupa kufidia. Bamvua likifika, kina mama hushinda miambani wakisaka pweza, kisha hubeba nyumbani walichopata. Mwani ukikomaa, magunia mabichi hutolewa majini kwa siku chache mfululizo. Ufuta na korosho zina pupa zake pia. Maisha ya pwani ya Lindi yamejengwa juu ya vipindi vya kukaa na vipindi vya kukurupuka, na bega ndilo linalolipa deni la mabadiliko hayo.

Ikiwa ndivyo, tiba nayo lazima iwe kipimo cha kazi. Mgonjwa wetu huambiwa mambo mawili yanayopingana. Zahanati humwambia apumzishe mkono; jamaa zake humwambia auchue na kuunyoosha mpaka "mshipa ukae sawa". Akipumzisha kabisa, bega hudhoofika na giza linalofuata humkuta dhaifu kuliko lile lililopita. Akilivuta kwa nguvu, hulichokoza zaidi. Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, nayo haihitaji safari ya Dar es Salaam.

Kiungo chenye uhuru mwingi

Hakuna kiungo cha mwili kinachozunguka kwa upana kama bega, na ndiyo maana hakuna kinachotoka mahali pake kwa urahisi kama hicho. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekalia tundu fupi la kombe la bega kama nazi juu ya kisahani. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli minne midogo inayoanzia kwenye kombe la bega. Kano zake hukikumbatia kichwa cha mfupa na kukivutia katikati kila mkono unapoinuka. Juu yake kuna kifuko chembamba chenye utelezi, na juu ya kifuko kuna ncha ya mfupa wa kombe la bega, karibu na unapoishia mtulinga.

Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba maumivu mengi ya bega hutokana na kano kusuguliwa na ncha hiyo ya mfupa. Maelezo yalieleweka haraka, na kwa miongo kadhaa wapasuaji wa nchi tajiri waliichonga ncha ya mfupa kwa maelfu ya wagonjwa. Baadaye walitokea watu wa kuuliza: kuchonga huko kunasaidia kweli? Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililohusisha wagonjwa 313. Wa kundi la kwanza walichongwa mfupa. Wa kundi la pili waliingizwa kamera begani bila kuchongwa chochote, wala hawakujua. Wa kundi la tatu hawakufanyiwa kitu. Waliochongwa hawakuwapita walioingizwa kamera tupu, na tofauti kati ya makundi hayo mawili na lile lisilotibiwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba haina uzito kwa mgonjwa.

Picha nazo zinaweza kupotosha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliwapiga picha za MRI watu 96 wasio na maumivu yoyote ya bega. Asilimia 34 walikuwa na kano zilizochanika, na kwa waliozidi miaka 60 ilikuwa asilimia 54. Kwa hiyo mtu wa Nangurukuru anayeuza mbuzi ili akapigwe picha hiyo mjini anaweza kurudi na karatasi yenye neno la kutisha ambalo halielezi maumivu yake.

Kilichobaki wazi ni kwamba kano ni nyama hai. Hujijenga kwa kazi na kudhoofika kwa kukaa, lakini hujijenga polepole kuliko msuli. Wataalamu wa fiziolojia wameonyesha kwamba katika saa 24 hadi 36 za mwanzo baada ya kazi nzito, kano hubomoka zaidi ya inavyojengeka. Ujenzi huzidi baadaye. Usiku mmoja wa kuvuta wavu ukifuatwa na mwingine, na mwingine, kwa mtu aliyekaa siku kumi bila kazi, kano haipati nafasi ya kulipia kilichobomoka. Ndiyo sababu ni busara kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza usiku wa ngapi wa giza kabla ya kumuuliza ana miaka mingapi katika uvuvi.

Kulitambua bila mashine

Maumivu ya kano hukaa juu na upande wa nje wa mkono, na mara chache hushuka chini ya kiwiko. Mgonjwa akiinua mkono kwa upande, huumia zaidi unapopita katikati ya njia, kati ya nyuzi 60 na 120, kisha maumivu huenda yakapungua mkono ukifika juu. Usiku hawezi kulalia upande huo. Lakini mtu mwingine akimwinulia mkono taratibu, mkono huenda.

Maumivu yakishuka hadi vidoleni pamoja na ganzi au kuchomwachomwa kama kwa sindano, na yakazidi anapogeuza shingo, tafuta chanzo shingoni. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au bodaboda, na tangu hapo hawezi kabisa kuuinua mkono wakati wenzake wanauinua bila taabu, huenda amechana kano kwa mkupuo mmoja. Huyo asingoje miezi. Apelekwe kwa daktari wa mifupa ndani ya wiki chache, kwa sababu kano iliyochanika ghafla hushonwa vizuri ikiwa mbichi.

Bega lililotoka hujionyesha lenyewe: umbo la mviringo hupotea, ncha ya mfupa hutokeza, na mgonjwa hushikilia mkono wake kwa mkono mwingine. Watu wamerudisha mabega kwa maelfu ya miaka, na mafundi wa viungo wa vijijini bado wanarudisha. Hatari ni kwamba mfupa unaweza kuwa umevunjika pia, na neva inayopita chini ya kiungo inaweza kukatika kwa kuvutwa. Funga mkono kwa kanga ukiwa umeegemea kifua, mpe paracetamol, mpeleke Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga pale Kivinje au Hospitali ya Rufaa ya Sokoine mjini Lindi, apigwe eksirei kwanza. Kijana chini ya miaka 20 ajue pia kwamba bega lililotoka mara moja lina uwezekano mkubwa wa kutoka tena, hivyo mazoezi ya baadaye kwake ni lazima.

Bega lililoganda na sukari

Kuna bega jingine ambalo halina uhusiano na giza wala bamvua. Huanza polepole kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, zaidi kwa wanawake. Mwanzoni ni maumivu makali ya usiku. Baada ya miezi, maumivu hupungua lakini mkono hukataa: mama hawezi kufunga sidiria wala kupitisha kanga mgongoni, mzee hawezi kuinua mikono kwa takbira. Ernest Codman, daktari wa Boston, aliliita bega lililoganda katika kitabu chake cha mwaka 1934, na jina hilo limebaki kwa madaktari wa dunia nzima. Mfuko unaokizunguka kiungo hunenepa na kusinyaa.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Mgonjwa abane kiwiko kwenye mbavu, akikunje hadi mkono wa mbele uelekee mbele, kisha auzungushe kwenda nje. Bega lililoganda haliendi, na hata mtu mwingine akijaribu kulizungusha haliendi. Kano iliyochoka hukataa kwa sababu ya maumivu. Bega lililoganda hukataa kwa sababu limefungwa.

Hapa ndipo naomba kila zahanati ya mkoa wa Lindi isikose jambo moja: kila mwenye bega lililoganda apimwe sukari. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 13 hivi ya wenye kisukari hupata bega la namna hii, na kwamba karibu watu 30 kati ya kila 100 wenye bega lililoganda wana kisukari. Bega linaweza kuwa dalili ya kwanza inayomfikisha mtu hospitalini. Tone la damu kidoleni laweza kuokoa macho na figo zake, hata kama bega lenyewe litachukua muda wake.

Na litachukua muda kweli: mwaka mmoja hadi mitatu kwa wengi. Kulivuta kwa nguvu katika miezi ya maumivu makali hulichokoza. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo, ikichomwa mapema na mtu aliyefunzwa, hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa. Mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda kwa siku chache. Upasuaji haujaonyesha ubora wa wazi: jaribio la Uingereza la mwaka 2020, lenye wagonjwa 503, lililinganisha mazoezi pamoja na sindano, kukunjuliwa bega chini ya dawa ya usingizi, na kukatwa kwa mfuko wa kiungo kwa kamera. Hakuna njia iliyozipita nyingine kwa kiasi cha kumfaa mgonjwa.

Bega lisilo la bega

Maumivu mengine hukaa begani lakini yametoka kwingine, na haya ndiyo yanayoua. Bega la kushoto linalouma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi fupi ni suala la moyo. Bega la kulia baada ya chakula chenye mafuta laweza kuwa kifuko cha nyongo. Mwanamke aliyekosa siku zake, mwenye maumivu chini ya tumbo, kizunguzungu, na maumivu kwenye ncha ya bega ambayo hakuumia popote, huenda ana mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba na damu inavujia ndani. Kama yuko kisiwani Songosongo, huyo hangoji chombo cha kesho.

Mzamiaji aliyezama kwa mtungi au kwa mpira wa hewa ya kompresa, kisha bega likaanza kuuma saa chache baada ya kuibuka, huenda ana mapovu ya hewa ndani ya mwili. Bega ni miongoni mwa viungo vinavyoshikwa zaidi. Kuna wanaorudi chini "kuyatoa" maumivu. Huko ni kujiongezea hatari. Anahitaji oksijeni na hospitali. Mwenye selimundu akiumwa bega kwa wiki kadhaa, kichwa cha mfupa huenda kimekosa damu. Bega moja lililovimba, lenye joto, pamoja na homa ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Viungo vingi vikiuma pande zote mbili pamoja na homa, tukumbuke chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa kusini, kwenye uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953.

Tiba inayofundishika sokoni

Turudi kwenye kano, ambazo ndizo mabega mengi ya pwani. Mwaka 2021 The Lancet ilichapisha jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 708 wenye maumivu ya kano za bega. Baadhi walipewa vikao hadi sita vya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wengine walipewa kikao kimoja tu cha ushauri mzuri, na maelekezo ya kufanya mazoezi nyumbani. Baada ya mwaka hakukuwa na tofauti. Sindano ya steroidi ilisaidia kidogo katika wiki nane za mwanzo, kisha faida ikaisha.

Huko Uingereza matokeo hayo yalisomwa kama habari ya kubana matumizi. Kwetu maana yake ni kubwa zaidi. Mtaalamu wa fiziotherapia hapatikani katika kila tarafa ya Kilwa, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko Dar es Salaam. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu eneo la Somanga, hata aliyekuwa na nauli hakuweza kwenda. Kama kikao kimoja kizuri kinatosha kwa wengi, kikao hicho kinaweza kutolewa dikoni.

Kikao chenyewe kina hatua nne. Hatua ya kwanza, maumivu yakiwa makali: mkono usifungwe. Inama, uache mkono uning'inie na uzunguke taratibu. Telezesha kiganja juu ya meza au ukutani mara kumi, mara tatu kwa siku. Lala na mto mdogo chini ya mkono. Hatua ya pili, kusukuma bila kusogea: kiwiko kwenye mbavu, mgongo wa kiganja ukisukuma fremu ya mlango kwa sekunde 30 hadi 45, mara tano. Hatua ya tatu, mpira: kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye nguzo, uvute kwenda nje na kwenda nyuma, mara kumi hadi kumi na tano, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ile siku ya hapana ndiyo siku ya ujenzi. Hatua ya nne, uzito: chupa ya nusu lita yenye maji, kisha ya lita moja na nusu, kisha hiyo hiyo ijazwe mchanga, ambayo hufika kilo mbili na ushei, uinuliwe hadi usawa wa bega na baadaye juu ya kichwa.

Kanuni ya maumivu ni nyepesi. Katika kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu ya nne wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza, usiache. Kazi hii inataka wiki 12.

Wagonjwa wa lile jaribio, hata hivyo, hawakuwa wakivuta nyavu usiku kucha. Kwa mvuvi lazima tuongeze kalenda. Wiki ya mbalamwezi isiwe ya kulala tu. Ndiyo wiki ya mpira na chupa, ili giza likute kano zimeandaliwa. Katika usiku mitatu ya kwanza ya giza, mwenye bega bovu apewe taa, usukani au kukumba maji, na avute wavu kwa zamu. Kutweka foromali kwa henza, mikono ikiwa juu ya kichwa, kuwe jambo la mwisho kulirudia.

Kumwambia akae nyumbani ni kumnyima mgawo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu mwajiriwa. Baharia wa mgawo hana mwajiri kwenye karatasi. Kwa hiyo kubadilishana kazi ndani ya chombo ndiyo likizo pekee ya ugonjwa anayoweza kuipata, na mwenye kuitoa ni nahodha.

Vidonge navyo vina nafasi ndogo na mipaka mikubwa. Diklofenaki kwa siku tano hadi saba yaweza kumsaidia mtu alale. Akiimeza mwezi mzima, tena akiwa juani baharini bila maji ya kutosha, anaziweka figo hatarini. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au mimba asiiguse bila daktari. Deksamethasoni ya dukani huficha ugonjwa na kupandisha sukari. Kuchua kwa mafuta ya nazi na kukanda kwa maji moto hakuna ubaya. Huleta nafuu ya saa chache, na saa hizo ndizo za kufanya zoezi. Anayeumikwa ahakikishe wembe ni mpya, kwa sababu virusi vya Ukimwi na homa ya ini havichagui mganga.

Yanayohitajika kuyafanya haya ni machache. Hospitali ya wilaya imtume mtaalamu wake madikoni na kwenye mashamba ya mwani, siku za mbalamwezi watu wanapokuwepo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), ambavyo tayari vinawakutanisha wavuvi kuhusu nyavu na leseni, viweke bega kwenye ajenda. Wahudumu wa zahanati wafundishwe vipimo viwili: mkono unaozungushwa kwenda nje, na tone la damu la sukari. Manahodha waelezwe kwa lugha ya hesabu: baharia aliyepumzishwa wavu usiku mitatu ni nafuu kuliko kumtafuta mwingine msimu mzima. Anayebaki na maumivu baada ya wiki 12 za kazi iliyopimwa, au mwenye mojawapo ya dalili za hatari, huyo ndiye wa kupandishwa basi kwenda Lindi au Dar. Wengine wote tunaweza kuwatibu hapa hapa.